Siku Ishirini na Moja za Bihogo

Jumatano, 12 Februari 1997

Daktari wa mifugo kaniambia niandike siku za ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hana kalenda na mume wangu hana nafasi. Hilo la mume nimeongeza mimi. Nimechukua daftari aliloacha binti yangu Soumaya alipoolewa Rumonge, nusu yake bado ni karatasi safi, na naanza.

Ng'ombe ni mmoja, Bihogo. Kabla ya vita walikuwa wanne. Huyu marehemu baba alinipa akiwa ndama, mwekundu kama tofali, nikamlea hapa hapa mtaani Buyenzi nyuma ya nyumba, karibu na mto Ntahangwa ambako majani hayakosekani. Alizaa Aprili mwaka jana. Wakati ule alitoa lita kumi na moja kwa siku, leo ametoa saba. Asiposhika mimba sasa, maziwa yatakauka na tutabaki tunafuga kinyesi.

Zamani Massoudi, mume wangu, ndiye aliyemkamua alfajiri kabla ya kwenda kwenye gereji yake, hatua hamsini tu kutoka hapa. Ng'ombe akikohoa, alisikia. Vikwazo vya nchi jirani vimekuja, spea zimekwisha, gereji imefungwa, na tangu Januari anatengeneza malori ya shirika la misaada huko Kinindo, upande wa pili wa mji. Gari linamchukua saa kumi na mbili kasoro asubuhi, linamrudisha karibu na saa ya askari kufunga barabara. Sitaki kumdhulumu: mshahara wake ndio unaonunua pumba. Lakini akirudi, kabla hata ya kuvua viatu, anauliza, "Leo ngapi?" Anauliza maziwa kama mkaguzi, kisha anakunja uso kama vile lita zimeibiwa.

Anayekamua sasa ni Pontien. Ni mtu mzima, amepita hamsini, nyumba yake ya Kamenge, mtaa ambao askari wanauhesabu wa waasi, ilichomwa na sasa analala kwenye stoo yetu. Amezoea ng'ombe tangu utoto. Mkono wake ni mzuri, Bihogo hapigi teke hata mara moja.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua tangu alfajiri. Lita saba.

Jumapili, 16 Februari

Tumepata gunia la machicha kutoka kiwanda cha bia. Jirani kaniuliza kama maziwa ya Bihogo bado ni halali. Nimemwambia aendelee kunywa, akilewa aje anishtaki kwa imamu.

Jumanne, 18 Februari

Leo nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Alfajiri Bihogo kalia. Si kilio cha njaa. Ni ule wito mrefu wa ng'ombe anayetaka dume, shingo imenyooka, majani hataki hata kuyanusa. Hali hiyo haimalizi siku. Ukiiona asubuhi, mchana au alasiri awe amefika kwa dume. Ukichelewa, imepita, na unasubiri siku ishirini na moja nyingine. Dume la maana ni moja tu siku hizi, la mzee Télesphore, mstaafu wa serikali anayefuga katika kiwanja chake kikubwa huko Kinindo. Kinindo! Mume wangu anafanya kazi mitaa miwili kutoka kwa hilo dume.

Nilimkuta Massoudi mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

"Baba Soumaya, ng'ombe analia. Ni leo."

"Leo siwezi. Kuna camion mbili za msaada zinapanda mji wa Ngozi."

"Basi Pontien amupeleke."

"Pontien? Na kitambulisho cha Kamenge? Watamukamata kwa bariyeri ya askari, na munyama watamukula. Apana. Ng'ombe asitoke mu uwanja."

"Basi mi nitamupeleka."

Alinitazama kana kwamba nimesema naenda sokoni bila nguo. "We? Mwanamuke anapeleka ng'ombe kwa dume, anapita katikati ya mutaa wa Jabe, wanaume wote wanaona anaenda kufanya nini? Unataka kuniaibisha? Nitarudi saa kumi, nitamupeleka mi mwenyewe."

Saa kumi. Pontien alimsafisha, akamfunga kamba mpya, wakakaa tayari wote wawili kama wasafiri. Saa kumi ikapita, na saa kumi na moja. Bihogo alilia mpaka sauti ikakauka. Massoudi kaingia saa kumi na mbili na dakika kumi, mikono myeusi kwa oili, na neno lake la kwanza, wallahi siongezi chumvi, ni "Leo ngapi?"

Nimemwambia akamuulize ng'ombe.

Jumatano, 19 Februari

Bihogo katulia, anakula. Imepita. Nimehesabu kwa vidole kisha kwa kalenda: Jumanne, 11 Machi.

Jumatatu, 24 Februari

Joëlla, mwenye karakana ya kushona pale Jabe, anatafuta wanawake wa kushona sare za shule. Nimekubali. Lita zikipungua, mahitaji ya nyumba hayapungui. Massoudi kafurahi kupita kiasi: "Vizuri, Mama Soumaya, Pontien si yuko?" Ni kweli, Pontien yuko. Kila mtu nyumba hii anatoka kwa sababu Pontien yuko.

Jumatatu, 3 Machi

Lita sita. Massoudi anasema Pontien anakunywa maziwa. Nilimkatalia, lakini maneno hayo yameniingia. Mwanamke wa pembeni yangu kwenye cherehani anasema amemwona Pontien mchana pale Jabe anapakua magunia ya maharage. Nilimuuliza jioni. Hakuficha.

"Ndiyo, Mama. Saa moja tu, wakati munyama analala. Siku ya mushahara iko mbali, na mutoto wa dada yangu ni mugonjwa."

Nikamwambia kazi yake ni ng'ombe. Akaitika. Sasa nikiandika najiuliza: na kazi yangu mimi? Lakini nimechoka, mgongo unauma, na sitaki kujijibu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua, mvua, mvua. Uwanja ni tope. Majani yaliyolowa yamemharisha Bihogo. Zamani nilikuwa nayaanika chini ya bati kabla ya kumpa. Sasa asubuhi nakimbilia cherehani, na Pontien anakata majani, anakamua, anaosha zizi, anapelekea wateja maziwa, kazi iliyokuwa yangu. Hakuna wa kuanika.

Massoudi kaapa mbele yangu: Jumanne ataomba ruhusa mapema. Kaapa bila mimi kumwomba kiapo.

Jumatatu, 10 Machi

Chef wake, mkubwa wao wa kazi, amekataa. Msafara lazima uwe tayari. Massoudi anasema atatoroka saa sita mchana, atamchukua ng'ombe, saa nane atakuwa amerudi kazini. Nilitaka kubaki nyumbani. Lakini Joëlla ametuambia sare lazima zitoke kesho, na asiyekuja kesho asije tena. Siku moja tu. Nimempa Pontien maagizo mara tatu: kaa na ng'ombe, usiende Jabe, ng'ombe asitoke uwanjani, msubiri Baba Soumaya saa sita.

Jumanne, 11 Machi

Naandika yote kama yalivyotokea.

Nimerudi saa kumi na moja. Zizi tupu. Ndoo ya maziwa kavu, imepinduliwa vilevile ilivyoachwa asubuhi. Massoudi hayupo, Pontien hayupo, ng'ombe hayupo. Nilimwuliza jirani kama Massoudi alikuja mchana. Hakuja. Nilitembea mpaka mtoni nikiita jina la ng'ombe kama kichaa, watu wananitazama.

Baada ya nusu saa Pontien anaingia na Bihogo. Ng'ombe ana tope mpaka tumboni, amechoka hata kichwa hakiinui, kiwele kimejaa mpaka maziwa yanadondoka yenyewe njiani. Pontien naye ana tope magotini, kofia hana. Niliona kila kitu mara moja, au nilidhani nimeona: amekwenda Jabe kwenye magunia yake, akamburuta ng'ombe akamfunga popote kwenye mvua, siku ya ishirini na moja imepita, na kukamua pia hakukamua.

Alisema, "Mama, acha niseme."

Sikumwacha. Nilimwita mwizi. Nilimwita mnyonyaji. Nilimwambia nimempa pa kulala wakati watu wote wanawafungia milango watu wa Kamenge, na hivi ndivyo anavyonilipa. Akasema tena, "Mama, acha niseme." Nikamwambia labda waliochoma nyumba yake walimjua kuliko mimi.

Hapo akageuka. Alimfunga Bihogo taratibu, akampangusa kiwele kwa kitambaa, akachukua mfuko wake stoo, akatoka. Hata mshahara wake hakuuliza.

Massoudi kaja baada ya saa moja. Gari la msafara liliharibika njiani, ikabidi aende. Nilimweleza. Akasema, "Nilikwambia yule mutu." Nilimchukia kwa sentensi hiyo kuliko nilivyomchukia Pontien, ingawa na mimi nilikuwa nimesema hivyo hivyo kwa maneno mabaya zaidi.

Nimemkamua mwenyewe. Chuchu moja ya nyuma imetoa maziwa ya mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele.

Ijumaa, 14 Machi

Massoudi kasema amemwona Pontien Kinindo kwa macho yake, juzi na jana, anakata majani kwenye kiwanja cha mzee Télesphore. "Unaona? Alishatafuta kazi kwa matajiri kabla hujamufukuza." Basi alikuwa na mpango. Afadhali nilimfukuza.

Jumatano, 19 Machi

Namkamua saa kumi na moja alfajiri kabla ya karakana, na saa kumi na mbili jioni nikirudi. Zamani ilikuwa saa kumi na moja na saa kumi. Kiwele hakielewi habari za karakana. Chuchu ya nyuma kulia bado ina mabonge. Lita nne.

Jumatatu, 24 Machi

Milio ya risasi kutoka milimani usiku kucha. Asubuhi maji hakuna. Lita nne.

Jumamosi, 29 Machi

Massoudi kanikumbusha kwamba mshahara wake mwezi huu umenunua pumba, machicha na dawa ya kiwele. Ameyataja moja moja, kama anayehesabu fadhila. Nilimwambia zamani ng'ombe huyu hakuhitaji dawa kwa sababu alikuwa na watu. Akasema, "Watu wanakula nini, Mama Soumaya? Hewa?" Alisema kwa sauti ya kuchoka, si ya ugomvi. Nikachukua ndoo nikaiosha mara ya pili.

Jumanne, 1 Aprili

Leo sikwenda karakana. Joëlla akinifukuza, anifukuze. Nimekaa zizini tangu alfajiri kwenye ndoo iliyopinduliwa, kamba mkononi. Nilikuwa nimeamua: akilia, nampeleka mwenyewe, katikati ya Jabe, na wanaume watazame mpaka macho yawatoke.

Hakulia.

Saa mbili hakulia. Saa sita hakulia. Alikula, akacheua, akalala, akaniangalia. Nilimchunguza mkia, nikamwekea mkono mgongoni, hakuna dalili hata moja. Mpaka jioni nimekaa na ng'ombe aliyenyamaza.

Massoudi kaja mapema leo. Leo hasa, wakati hahitajiki, kaja mapema. Alisimama mlangoni mwa zizi.

"Hakulia?"

"Hakulia."

"Basi amekwisha. Munyama akikosa mara nyingi, anafunga kizazi. Na ule ugonjwa wa kiwele."

Na mimi nimeamini. Miezi miwili ya kucheleweshwa, kukamuliwa ovyo, majani machafu, tumbo limejifunga. Sisi ndio tuliomfunga. Nimelia mbele ya ng'ombe, si mbele ya Massoudi.

Jumamosi, 5 Aprili

Shaabani mchinjaji amekuja kumtazama Bihogo. Idi ya kuchinja ni tarehe 18 na watu wanashirikiana ng'ombe. Yeye na Massoudi walimzunguka mara mbili, wakamshika mgongo, wakasemezana pembeni. Massoudi kaja kwangu jikoni.

"Shaabani anamutaka. Atamuchukua siku mbili mbele ya Idi, tarehe kumi na sita. We unasemaje?"

Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu akakuchukua kuwa ndiyo. Bi harusi akinyamaza wanahesabu amekubali, lakini mimi nina miaka arobaini na sita na hakuna aliyekuja kunichumbia. Nilinyamaza kwa sababu kila neno nililokuwa nalo lilikuwa na ncha, na mojawapo lilielekea kwangu.

Jumapili, 13 Aprili

Lita tatu.

Jumatano, 16 Aprili

Siwezi kuandika kwa mpangilio lakini lazima niandike.

Jioni Joëlla kanituma kununua nyuzi sokoni. Mbele ya duka la nafaka kulikuwa na lori, na chini ya gunia la maharage, Pontien. Amekonda. Nilitaka kupita. Miguu ikakataa. Nilisimama mpaka akatua gunia.

"Pontien."

"Mama Soumaya. Bihogo anaendelea aje?"

Hakuuliza mimi naendeleaje. Hakutukana. Ameuliza ng'ombe. Nikamwambia Shaabani anamchukua leo kwa ajili ya Idi, kwamba amefunga kizazi, tarehe moja hakulia.

Pontien alikaa chini juu ya gunia.

"Hakulia? Tarehe moja hakulia?"

"Hakulia kabisa."

"Mama, basi ameshika! Mi nilimupeleka kwa dume!"

Nilimshika mkono wa shati mbele ya watu wote. Akaeleza, na kila neno lilikuwa kofi. Siku ile Bihogo alianza kulia saa tatu. Alimsubiri Massoudi saa sita, saa saba, saa saba na nusu.

"Munyama anapiga kichwa kwa mulango. Nikasema, Baba Soumaya hakuja, Mama yuko kazi, na mi peke yangu ndiye niko. Ikipita leo, ni kosa langu. Nikamutoa. Kwa daraja ya Muha askari wakanikalisha mu tope saa nzima, wakachukua kofia, wakachukua hela kidogo niliyokuwa nayo. Kitambulisho wakanirudishia. Nikafika. Dume akamupanda mara mbili, nilisimama naona. Mutu wa mzee Télesphore akataka malipo, sikuwa na kitu. Nikamwambia nitakata majani siku mbili."

Siku mbili. Massoudi alimwona kwa macho yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kidogo tu. "Nilisema acha niseme, Mama. Mara mbili."

Sikumbuki kama niliaga. Nyuzi nilizisahau sokoni. Nilikimbia kutoka Jabe mpaka nyumbani, mtu wa umri wangu, kanga mkononi. Zizi tupu. Kamba imekatwa, imebaki kipande kwenye nguzo. Shaabani ameshamchukua, na barabara zilikuwa karibu kufungwa. Massoudi aliporudi nilimweleza yote nimesimama. Alijifunika uso kwa viganja kwa muda. Kisha akasema, "Nimeshatoa neno, Mama Soumaya. Mbele ya watu. Na Shaabani ameshagawanya mafungu."

Nimemwambia kesho tutaona neno la nani lina uzito. Sijala, na sikumpakulia chakula.

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi Massoudi kaondoka kwenda kazini. Kweli, kaondoka! Kavaa, kakunywa chai, kapanda gari lao. Alisema tutaongea jioni. Jioni ng'ombe angekuwa amefungwa miguu.

Nikavaa baibui langu la Idi, nikaenda kwa miguu mpaka Kinindo. Kwenye daraja la Muha askari kaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kumtoa mume wangu kazini. Akacheka, akanipisha. Kwenye geti la shirika kulikuwa na madereva kama kumi wanasubiri. Nikamwambia mlinzi aniitie Massoudi fundi. Akasema mafundi hawaitwi saa za kazi. Basi nikamwita mimi mwenyewe, kwa sauti niliyokuwa nayo tangu Februari.

"Baba Soumaya! Ng'ombe wetu ana mimba na umemuuza kwa mchinjaji! Toka!"

Alitoka mbio, oili mpaka kwenye viwiko, uso umemshuka. Madereva wamekaa kimya. Nyuma yake alikuja chef, kijana tu wa miwani, akauliza kuna nini. Massoudi akagugumia, "Problème ya nyumbani, chef." Kijana akasema, "Bon, nenda, utarudi kesho kutwa."

Basi. Dakika tano. Ruhusa iliyoshindikana Februari, ikashindikana Machi, ikapatikana kwa dakika tano kwa sababu mtu alipiga kelele. Njia nzima mpaka Buyenzi sikumsemesha, maana ningesema hilo ningeanza kumpiga barabarani.

Bihogo alikuwa nyuma ya kibanda cha Shaabani, amefungwa karibu na kondoo. Alinijua, akanusa baibui. Wanaume wanne walioshirikiana fungu walikuwepo, na Shaabani ananoa kisu juu ya jiwe.

"Shaabani," nimesema, "ng'ombe huyu ana mimba ya mwezi mmoja na siku sita."

"Umejuaje, shemeji?"

"Alipandwa tarehe kumi na moja Machi. Tarehe moja Aprili hakulia."

"Na wakati ule alipokosa kulia, we ulifikiri nini?"

"Nilifikiri amekwisha."

Mmoja wa wale wanaume alicheka. Shaabani hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Bon. Mimba ni habari moja. Biashara ni habari ingine, hela nilishatanguliza. Lakini nijibuni kitu kimoja, maana nachinja kwa jina la Mungu na sitaki kula cha mutu. Ng'ombe ni wa nani?"

Nilimgeukia Massoudi. Nilitaka asikie kutoka kwa yule aliyemuuza. Massoudi alitazama wale wanaume, mmoja mmoja, watu anaoswali nao safu moja. Alitazama mikono yake. Nilihesabu pumzi zangu. Kama angesema "wetu", ningeondoka pale nisirudi nyumbani kwake, nilikuwa nimeshaamua nikivuka daraja.

"Wake," kasema. "Baba yake alimupa. Mi niliuza bila kumuuliza."

"Nilikuuliza jikoni, ukanyamaza," akaongeza kwangu, kwa sauti ndogo.

"Ulimuuliza mwanamke aliyekuwa na hasira," nikamjibu. "Subiri apoe umuulize tena."

Shaabani alifungua kamba yeye mwenyewe. Massoudi alimrudishia alichotanguliziwa, na wale wanne wakaanza kunung'unika watachinja nini. Shaabani akawaambia watafute mbuzi, na asiyetaka afunge. Nilimrudisha Bihogo nyumbani nikimwongoza mimi, katikati ya barabara, Massoudi nyuma anamswaga. Watu walitazama. Walitazama sana. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Ijumaa, 18 Aprili

Idi. Tumekula maharage. Yalikuwa matamu.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya ishirini na moja tena. Nimekaa zizini tangu alfajiri mpaka jioni, nimetoka adhuhuri tu. Hakulia. Daktari wa mifugo amepita, akasema kupapasa ni mapema mno lakini mara mbili za kunyamaza zinamtosha kuamini. Tutampumzisha kukamuliwa Oktoba. Mpaka hapo, lita tatu, na tushukuru.

Adhuhuri nilikwenda Jabe kwa Pontien. Nilimpelekea mshahara wake wa Machi, na chupa ya maziwa kwa mtoto wa dada yake. Kisha nikasema lile neno nililokwenda kusema. Nilisema nilimtukana kwa nyumba yake iliyochomwa, kwamba hilo halikuwa la ng'ombe, lilikuwa la uovu wangu tu, na naomba anisamehe. Wapagazi wenzake walikuwa wanasikia. Nilitaka wasikie.

"Nimekusamehe, Mama."

"Basi rudi. Stoo iko vilevile."

Alitikisa kichwa. "Apana. Kwenu kila mutu anaenda kazi, na kosa lote linabaki na yule aliyebaki. Hapa gunia likianguka, tunaona sote nani ameliangusha."

Nikampa chupa mkononi. Alinishukuru kwa maziwa, akarudi kwenye lori. Nilikuwa na hasira njia nzima, na safari hii sikupata mtu wa kumkabidhi hasira hiyo. Nimepita kwa Joëlla nikamwambia nitashona nusu siku, asubuhi hapana. Kasema atafikiri. Afikiri.

Jioni Massoudi kaingia. Alivua viatu kwanza. Hakuuliza ngapi. Alikwenda zizini, akasimama muda, akarudi na kalenda ya ukutani mkononi, akahesabu miezi tisa na siku nane kwa kidole chenye oili.

"Disemba, tarehe kumi na tisa. Ni Ijumaa, siku ya kazi. Nitaanza kuomba permission mapema, labda watanipa."

Nimemwambia asiombe, abaki tu.